Saumu na Tarumbeta Jijini Paris

Ramadhani ya mwaka 2015 ilinikuta Paris. Jumapili ya tarehe 21 Juni, siku ya nne ya mfungo, iligongana na Fête de la Musique, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1982 wakati Jack Lang akiwa waziri wa utamaduni. Sharti lake ni dogo: mwenye ala atoke nje apige, na msikilizaji asidaiwe hata senti. Mwenyeji wangu, Mngazija aliyeuzoea mji ule, alikataa nibaki chumbani. "Kaka, ukijifungia humu utakaa kulihesabu jua. Twende." Magharibi ilikuwa karibu saa nne usiku, basi nikavaa viatu.

Tuliingia Jardin du Luxembourg kwa lango la Boulevard Saint-Michel. Bustani ile ni mali ya Seneti, ila siku hiyo ungedhani ni ya wajukuu na bibi zao. Chini ya miti kuna kibanda cha muziki, na viti vya chuma vya kijani ambavyo kila mtu huvikokota anakotaka. Zamani akina mama walipita wakidai kodi ya kiti. Siku hizi unakaa bure.

Bendi ilikuwa ya watu wa kazi nyingine kabisa: mzee mnene wa tuba, binti wa klarineti, kijana ambaye tarumbeta lake liliteleza mara kwa mara bila yeye kujali. Hakuna aliyemcheka. Mimi nilimkumbuka babu, Tanga, akisimulia beni, ngoma ya tarumbeta, na vikundi vyake hasimu vya Marini na Arinoti, sare zao na ubishi wao. Wazee wetu waliiga bendi za Wazungu, wakazitia chumvi yao. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye chanzo, na kusema kweli chanzo kilikuwa kimepoa kidogo. Beni ingekwishawainua watu vitini.

Walipopiga "La Mer" ya Charles Trenet, wimbo wa miaka ya arubaini, wazee waliuimba wote, polepole, bila kuambiwa. Jirani zangu walikuwa wametandaza nguo nyasini: mkate, jibini, mvinyo. Mama mmoja akanikaribisha kipande. Nikamwonyesha jua, akaelewa. Nyumbani taarabu hufungwa mwezi mzima wa Ramadhani, na shangazi angenisuta hadi Idi, lakini sioni kama saumu yangu ilipungua.

Jua likiwa bado juu ya miti, walinzi wakapuliza filimbi kututoa. Bustani hufungwa kabla ya giza. Tulifuturu kwa tende na maji kando ya barabara, karibu na kituo cha treni.

Wenye madaraka katika miji yetu, bendi za polisi na za jeshi mnazo. Zitoeni siku moja kwa mwezi, jioni, Mnazi Mmoja au Forodhani, bila tiketi na bila hotuba ya mgeni rasmi.