Darubini Isikupige Changa la Macho

Tunduma kila mtu anaangalia kitu. Dereva anaangalia foleni ya malori, bodaboda anaangalia abiria, mama lishe anaangalia mdaiwa wake asije akavuka Nakonde na deni la wali maharage. Sasa wewe jitokeze useme unaangalia ndege. "Ndege gani, ya Dar au ya Johannesburg?" Watakucheka mpaka basi. Mimi nimeshazoea.

Safari hii lakini haikuwa utani. Mdogo wangu wa kike alimaliza chuo cha utalii, akakaa nyumbani miezi kibao akimsaidia bi mkubwa kuuza vitenge. Ghafla bin vuu, zali likamwangukia: wageni wanaotazama ndege wanashuka bonde la Ziwa Rukwa kwa siku nne, wanataka kijana mwenyeji wa kumsaidia kiongozi wao. Sharti moja tu, aje na darubini yake. Mfukoni tulikuwa na laki na ishirini elfu, na humo ndani ilikuwemo hela ya vitenge ambayo bi mkubwa alitaka irudi bila longolongo. Hapo ndipo nilipoitwa mimi kaka mtu, maana ndiye mgonjwa wa ndege katika ukoo.

Basi bwana, mambo yote yanaanzia kwenye namba. Kila darubini ina namba mbili, tuseme 8x25. Ya kwanza inakwambia kitu kinasogezwa mara ngapi: ndege aliye mita 80 unamwona kama yuko mita 10. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hicho ndicho mlango wa mwanga. Watoto wa mjini wakiona namba ya kwanza ni kubwa wanazimia, na hapo ndipo wanapoingizwa mjini. Darubini haikuzi ndege peke yake, inakuza na mtetemeko wa mkono wako. Mara 8 mkono unatulia. Mara 10 ni ya mtu mwenye mkono wa fundi saa. Ukizidisha sana utahitaji stendi ya miguu mitatu, na stendi haiingii kwenye mkoba wa binti.

Halafu kuna kahesabu kadogo ambako wauzaji hawapendi ukajue. Chukua namba ya pili, gawa kwa ya kwanza. 25 kwa 8 unapata 3 na ushee. Hizo ni milimita za mwanga unaofika kwenye jicho. Jua likiwaka, mboni yako inafunguka milimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo mchana 8x25 inakutosha kabisa. Alfajiri na magharibi mboni inapanuka, na darubini ndogo inaanza kukuletea kiza. Saa hizo anayetamba ni mwenye 8x42, ila hiyo ni nzito, ukiivaa kutwa shingo inakudai, na bei yake si ya hela ya vitenge. Ile ndogo ina kama gramu 300. Tukakubaliana: 8x25, au hata 8x21 mambo yakikaza.

Mtu wa kwanza kutufuata alikuwa machinga. Kashika dude limeandikwa 30x60, "usiku na mchana", vioo vyekundu kama macho ya mlevi wa juzi. Elfu thelathini na tano, maelewano yapo. Mdogo wangu hakubishana naye. Akatoa rula ya shule kwenye mkoba, akapima kioo cha mbele. Hata milimita 30 hakikufika! Hiyo 60 ilikuwa imeandikwa tu, kama vile mtu anavyojiita Bosi. Na ule wekundu wenyewe si urembo. Kioo kinaurudisha mwanga mwekundu nje, wewe ndani unabaki na picha ya kijanikijani. Sasa mchukue chozi wa kwenye maua huko Mbozi, ndege wa gramu chache tu ambaye umaridadi wake wote ni rangi. Kwa dude lile utamwona kama kavaa sare ya shule.

Duka la pili, la vifaa vya simu, walikuwa nazo 8x25 za Kichina, aina mbili. Tukaomba kutoka nazo nje. Hapa msomaji wangu nisikilize vizuri, maana huu ni mji wa mpaka. Tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha sisi na Zambia, na wenye kazi yao hawapendi mtu anayewamulika. Usielekeze darubini getini, wala kwa askari. Wala usiitoe karibu na njia za panya, kwa sababu vijana wa magendo watakuona wewe ni mtu wa mapato, na hilo ni soo kubwa kuliko la askari. Sisi tuliupa mpaka mgongo, tukaangalia upande wa Mbeya.

Na foleni ya malori, ambayo kila siku tunailaani, siku hiyo ilitufaa. Tukachagua lori la mbali, tukasoma namba zake. Darubini ya kwanza herufi za katikati zilisomeka, za pembeni zikayeyuka kama mshumaa. Tena baada ya dakika mbili kichwa kikaanza kuuma: mabomba yake mawili hayakuangalia sehemu moja, macho yakawa yanafanya kazi ya kuyapatanisha. Tukairudisha. Ya pili ilisomeka mpaka karibu na ukingo. Tukaielekeza angani penye mwanga (si kwenye jua, utapofuka!) tukaishika mbali na uso kwa urefu wa mkono. Kwenye vioo vya nyuma tukaona viduara viwili vya mwanga. Vikiwa duara safi, vioo vya ndani ni vizuri. Vikiwa vimekatwa pembe, kuna ujanja umefanyika. Vyetu vilikuwa duara.

Binti akafumba jicho la kulia, akalinganisha la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha akafumba la kushoto, akalinganisha la kulia kwa kile kipete cha pembeni. Wengi hawakigusi kile kipete maisha yao yote, halafu wanalalamika kila darubini ni mbovu. Juu ya waya wa umeme alikuwepo mbayuwayu. Akamtazama kimya muda mrefu, mpaka mwenye duka akauliza kama tunanunua au tunaazima.

Alianzia laki na kumi. Tukamalizana kwa elfu tisini.

Rukwa alikwenda. Ziwa lile halina mto wa kutokea, kina chake ni kifupi, na mwari wanalipenda. Usiku wa pili alinipigia simu kutoka Kamsamba, akaniambia mgeni mmoja, mwenye lidarubini la bei ya kiwanja, alikuwa anamuuliza yeye, "Wale kule ni nini?" Akamjibu.

Hela ya vitenge imerudi, bi mkubwa kanyamaza. Darubini anayo mwenyewe. Jumapili nikiihitaji ananikodisha, na hataki kusikia habari za undugu.