Askari Asiyeitwa Afande

Treni kutoka uwanja wa ndege wa Oslo ilinifikisha Lillestrøm kabla sijamaliza kuhangaika na zipu ya koti. Nilikuwa nimekuja Norway kutazama jela zao, hizo ambazo kwetu Kenya watu huziona kwenye simu, wakacheka na kuapa kwamba wangeiba kuku makusudi wakafungwe huko. Mwenyeji wangu alishikilia kwamba tuanzie chuoni, wanakofundwa askari. Nikaona ananipotezea muda.

Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni uwanja wa gwaride. Haukuwapo. Mjomba wangu alikuwa askari jela, na mafunzo yake nilikuwa nikiyajua kwa kusimuliwa: mbio za alfajiri, kwata, shabaha, saluti mpaka mkono unakufa ganzi. Alirudi nyumbani na kifua kipana na sauti ya kutoa amri iliyowatisha hata mbuzi. Hapa Lillestrøm niliona vijana wamevaa jaketi, vikombe vya kahawa mkononi, wanaingia darasani kusoma sheria, saikolojia, maadili na kriminolojia. Wanasoma miaka miwili, muda mwingine darasani, mwingine gerezani kwenyewe, na wakati wote huo wanalipwa mshahara. Wakihitimu wanalazimika kwanza kuutumikia mshahara huo kazini.

Mchana tuliruhusiwa kutazama zoezi. Mwanafunzi mmoja aliigiza mfungwa aliyejifungia na kukataa kutoka chumbani. Wawili walitumwa wamtoe. Nilikaa tayari kuona akibebwa mzobemzobe, maana wanafundishwa hilo pia. Badala yake mmoja aliketi chini, kizingitini, akaanza kumuuliza ameamkaje. Wakaongea. Wakaongea tena. Mwalimu hakuwahimiza. Mimi ndiye niliyechoka, na yule "mfungwa" alipotoka kwa miguu yake nusura nipige makofi.

Kutoka chuoni tulikwenda kwenye gereza la Halden, lililoko kusini, karibu na mpaka wa Sweden. Ukuta wake una urefu wa mita 6, wa zege tupu, na hapo nikatulia kidogo: hii sasa ni jela. Ndani nikakuta msitu wa misonobari na madirisha yasiyo na nondo. Sitaeleza jokofu na televisheni za vyumbani, mmeshaziona. Kilichonishangaza zaidi ni ofisi ya askari. Ni chumba chembamba, watu watatu wakiingia wanakanyagana. Nilidhani fedha ziliwaishia, nikaambiwa la, kimejengwa hivyo kwa makusudi ili askari asipate raha ya kukaa humo, atoke akakae na wafungwa.

Na kweli walikuwa nje. Askari mmoja wa kike alikuwa mezani na wanaume watatu wanacheza karata. Hana bunduki, askari wa jela huku hawabebi. Mmoja wa wale wanaume alimwita kwa jina lake la kwanza, nami nikageuka kuangalia kama kuna mkubwa aliyesikia utovu huo wa adabu. Kwetu, mfungwa asiyesema "afande" ataukumbuka usiku huo. Nikauliza ni nani basi anayewalinda hawa. Nikaelezwa kwamba ni yeye huyo huyo mcheza karata. Akiwa pale anajua nani amepata habari mbaya ya mtoto, nani anamdai nani, nani leo hakula. Vurugu inasikika mapema kwa aliye karibu.

Kila mfungwa hupangiwa askari wake wa kumsimamia: kumsaidia kuandika maombi, kupanga masomo, kufikiria atalala wapi siku atakapotoka. Sisi watu wa Pwani tungemwita somo, kama yule anayekabidhiwa mwari amfunde na kumsitiri, isipokuwa somo huyu ana funguo kiunoni. Walimu na wauguzi nao si askari. Wanatoka mjini, kwenye huduma zile zile za raia, asubuhi wanaingia getini na jioni wanarudi kwao. Nilipenda sana mpango huo. Mtu aliyefungwa anaendelea kukutana na watu ambao kazi yao si kumfunga.

Nilikuwa nimeanza kutunga sifa kichwani wakati askari mmoja mzee aliponipunguzia kasi. Yote haya, alisema, yanataka watu. Bajeti ikipunguzwa, askari hupungua, na njia rahisi ya kufidia upungufu ni kufunga milango. Wala hakuwa akilalamika ovyo. Mwaka 2019 mlinzi wa haki za wananchi anayeteuliwa na bunge la Norway aliwasilisha ripoti maalumu kuhusu wafungwa kutengwa na kukosa kukutana na binadamu, na ilionyesha kwamba takriban mfungwa mmoja kati ya wanne alifungiwa chumbani saa 16 au zaidi kwa siku za kazi. Katika nchi hii hii ya karata na misonobari! Somo mwenye wari wengi kupita kiasi hubaki na funguo tu.

Aliniuliza kwetu hali ikoje. Nikamweleza kwamba Aprili 2008 askari jela wa Kenya waligoma, jambo zito kwa kikosi cha nidhamu, wakidai marupurupu na nyumba za kuishi, mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza magereza. Nikamweleza na habari ya familia mbili katika chumba kimoja, zimetenganishwa na leso iliyotundikwa kwenye kamba. Hilo la leso alinitaka nilirudie.

Kisha akataka kujua mjomba wangu alijifunzia wapi kuongea na wafungwa, ikiwa chuoni hakufundishwa. Nikamwambia alifundishwa na wafungwa wenyewe, wale wa vifungo virefu, waliokuwa wamekaa mle kabla yake. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye, pamoja na miaka yake miwili ya chuo, mengi ameyapata kwao.