Ng'ambo na Uwanja Wake

Jina la Ng'ambo halikutolewa na wakaazi wake. Ni neno la mtu aliyesimama upande wa Mji Mkongwe, akatazama ng'ambo ya hori, akaona nyumba za udongo na makuti. Hori hilo lilifukiwa katika karne ya 20, na daraja limesalia katika jina la Darajani. Lakini jina la upande wa pili halikufukiwa pamoja na maji. Hata leo mgeni akisema amekuja kuuona mji wa Unguja, mara nyingi hukusudia Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Sishindani na mawe. Nauliza tu: je, mji hujengwa kwa mawe peke yake? Ng'ambo iliungwa na shughuli zake: maulidi, khitma, arusi, ngoma, taarabu, na bao la jioni barazani. Mwenye arusi hakutafuta ukumbi. Ua wa jirani ulikuwa jiko lake, na njia iliyo mbele ya mlango ilikuwa sebule ya mtaa mzima.

Mwaka 1928 una mafunzo. Mwaka huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini, alikwenda Bombay kurikodi nyimbo, na sauti iliyozoeleka Ng'ambo ikaingia katika santuri. Mwaka huohuo wakaazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, udongo na boriti wamezitia wenyewe. Kiwanja kilikuwa cha mwingine. Siyaoni mambo mawili hayo kuwa mbalimbali. Watu waliozoea kukesha pamoja, wakisikia habari zao zikiimbwa, siku ya dhiki hawana haja ya kutambulishana.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Mpango wa 1968, uliochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ukazaa majumba marefu ya Michenzani. Waliohamia humo walipata umeme na maji ya bomba, na hilo si jambo dogo kwa aliyekuwa akilala na hofu ya masika. Lakini nyumba zilizobomolewa zilikuwa na baraza, na ghorofa ya nne haina. Basi watu wakaiteremsha baraza chini. Siku ya arusi turubai hufungwa kando ya jumba, mikeka ikatandikwa, masufuria ya pilau yakainjikwa hadharani. Uwanja huo wa arusi haukuchorwa na mhandisi. Umechorwa na wenye arusi.

Miaka ya 2010 eneo hili lilipotengenezewa mpango mpya, uliitwa Ng'ambo Tuitakayo. Nalipenda neno hilo la pili kwa silabi yake ya kwanza. Waliokuwa wakitajwa na wa upande mwingine sasa wanasema "tu".

Silabi hiyo lakini ina deni. Maduka makubwa yanapanda, na kila kiwanja kitupu huonekana kama fedha iliyolala. Mimi nikionyeshwa ramani mpya sihesabu ghorofa. Hutafuta mahali pa kusomea khitma, njia ya kupitisha jeneza, na nafasi ya kumpokea bwana arusi na watu wake. Zikikosekana hizo, kitakachojengwa kitakuwa na wapangaji. Majirani itabidi watafutwe kwengine.