Chuma Kitupu si Aibu

Ndugu msomaji, huenda wewe au mtu wa nyumbani mwako aliupenda mchezo fulani, akaumia, akakaa kando kwa muda mrefu, na sasa moyo unamtuma arudi. Ikiwa ni hivyo, makala haya yanakuhusu. Mimi si tabibu. Naandika kwa kuwa nilikosea, na gharama ya kosa langu ililipwa na nyumba nzima.

Kwa miaka sita nilikuwa nikinyanyua vyuma kila jioni baada ya kazi za chumba cha habari. Siku moja niliinua kilo 100 kutoka chini huku mgongo umepinda. Nikahisi kitu kama moto kikinipita kiunoni mpaka unyayo wa mguu wa kushoto. Daktari alinieleza kwamba mojawapo ya sahani laini zilizo baina ya pingili za uti wa mgongo ilikuwa imetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Nikakatazwa kubeba chochote kizito.

Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa zamu, na kuyachota ilikuwa kazi yangu. Tangu siku ile ikawa kazi ya mke wangu, ndoo baada ya ndoo, nami nikitazama.

Baada ya miezi tisa maumivu yalitulia, nikarudi mazoezini. Vijana walinipokea kwa shangwe: "Karibu tena, kaka!" Niliona haya kushika chuma kitupu mbele yao. Nikaweka kilo 80, nikaziinua bila taabu, nikaenda zangu nyumbani nikijisifu. Wiki ya pili nilishindwa kuinuka kitandani. Mke wangu alinivisha soksi kimyakimya, kisha akasema, "Mume wangu, ndoo nimezizoea. Hili la kujiumiza kwa kupenda ndilo siwezi kulizoea." Sikuwa na jibu.

Baadaye nilifahamu kilichonidanganya. Misuli iliyowahi kuzoezwa hurudisha nguvu zake upesi kuliko misuli ya mtu anayeanza. Lakini kano, ambazo huunganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo, na kwa hiyo huimarika polepole. Nguvu hutangulia, uimara hufuata nyuma. Anayejipima kwa nguvu peke yake hujiona amepona kabla ya wakati wake.

Ilipita miezi mingine mitano. Safari hii nilianzia kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alinifundisha kupasha mwili moto kwa dakika 10, kisha kuinama kwa kukunja nyonga huku mgongo umenyooka, mikono mitupu, mpaka mwili ukazoea. Ndipo akanipa chuma kisicho na sahani hata moja. Chuma hicho kina kilo 20.

Nilipokishika nilikumbuka ndoo zetu. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20. Uzito nilioona aibu kuonekana nao ndio mke wangu aliokuwa akijitwika kichwani miezi yote ile, tena bila shangwe ya mtu.

Masharti niliyopewa ni mepesi kuyasema, magumu kuyashika. Mazoezi yawe mara mbili kwa wiki, na siku za mapumziko katikati. Uzito uongezwe kwa kilo mbili na nusu tu kwa wiki, nao usiongezwe ikiwa wiki iliyopita ilikuwa na matata. Uache kunyanyua ungali na nguvu za kurudia mara mbili tatu. Kipimo kikuu ni asubuhi inayofuata: ikiwa maumivu yamezidi yale ya kawaida, punguza. Na mguu ukilegea, ukifa ganzi baina ya mapaja, au ukishindwa kuzuia haja, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa ileile.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Imenichukua miezi minne kufikia kilo 50. Vijana waliokuwa wakinishangilia sasa huinua mara mbili ya uzito huo, nami huwapisha nikasubiri zamu yangu.

Wiki iliyopita maji yalitoka alfajiri. Nilichuchumaa, nikaisogeza ndoo karibu na mwili, nikavuta pumzi na kuinuka nayo. Mke wangu alisimama mlangoni, mkono wake tayari kunipokea, mpaka nilipoitua ndani. Hakunisifu. Alinikabidhi ndoo ya pili.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujarudi mchezoni waulize waliokubebea mzigo wako ulipokuwa umelala. Kisha anza na chuma kitupu, atazame atakayetazama.