Habari Nilizojichagulia

Nyumbani kwetu Nakuru, Taifa Leo lilinunuliwa Jumamosi tu. Siku nyingine tulilisoma kwa muuza magazeti wa Barabara ya Kenyatta, tumesimama, tumepinda shingo, mpaka atukumbushe kuwa yeye yuko kazini. Jioni ilikuwa zamu ya redio na Dira ya Dunia ya BBC. Habari ilikuwa na saa yake, na msomaji aliingoja.

Saiba za intaneti zilipoenea mjini, tulilipa shilingi moja kwa dakika. Kurasa zilifunguka polepole, na kuzungukia tovuti moja moja kulimaliza pesa kabla hujasoma lolote la maana. Programu ya Google Reader, iliyoanza Oktoba 2005, ilinifaa mno. Tovuti hutoa mlisho, yaani faili fupi lenye kichwa cha habari, tarehe na kiungo. Programu huipitia milisho yote yenyewe na kukuletea yaliyo mapya. Kushoto yalipangwa majina ya tovuti zangu, na kando ya kila jina idadi ya habari ambazo sijazisoma. Nilipobonyeza herufi j, nilishuka kwenye habari inayofuata. Orodha niliitunga mwenyewe, na hakuna aliyeipangua kwa kukisia ninachopenda.

Thamani yake niliiona baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na mwishoni mwa Januari ghasia zilizofuata uchaguzi zikatufikia Nakuru. Tulisikia milio tusijue inatoka mtaa gani. Kwenye Reader nilishikilia blogu kama Kenyan Pundit ya Ory Okolloh, ambamo wazo la Ushahidi lilizaliwa mwezi huohuo: ramani ya kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi. Kila andiko lilikuwa na mwandishi wake na saa yake, na hilo lilinituliza kuliko uvumi wa langoni.

Google ilifunga Reader tarehe 1 Julai 2013. Nilihamishia orodha yangu Feedly, lakini wenzangu wengi walihamia Facebook, kisha makundi ya WhatsApp. Usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipopasuka kule Solai na kuua watu zaidi ya 40, simu yangu ilijaa picha na sauti zisizo na mwenyewe, na idadi za waliokufa zilizopingana. Watu wenye jamaa kule walikuwa wakizisoma huku wakitetemeka. Nilirudi kwenye milisho ya magazeti. Ilichelewa kidogo, ila nilijua nani anasema, na amesema saa ngapi.

Hadi leo naanza asubuhi hapo. Tovuti kadhaa zimeacha kutoa milisho, nami nimezipoteza. Wahariri wa tovuti za Kiswahili, nawaomba: iacheni milisho yenu wazi. Tupo tunaoisoma kila siku.