MASANGA SI POMBE

Leo tunataka kuwaelezea kisa cha gitari yetu, ile ya bidoni, yenye nyaya za freni ya kinga.

Jioni moja tulikuwa kando ya ziwa, wavuvi wakitayarisha taa zao za kutafutia ndakala. Sisi watatu tulikuwa tunajaribu «Masanga», wimbo wa Jean-Bosco Mwenda. Mzee mmoja akapita, akauliza jina la wimbo. Tukamwambia. Ee mama! Kwa Kilingala masanga ni pombe. Palepale gitari ikachukuliwa, na sisi tukaitwa walevi mbele ya wadogo zetu.

Tuliumia roho sana, lakini mtoto hashindani na mzee kwa maneno. Tukaenda kwa mwalimu mmoja aliyekulia Katanga. Akacheka, halafu akatueleza: kule kwao masanga njia ni pale njia zinapokutana. Si chupa hata kidogo!

Tena akatuambia habari za Mwenda mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika kukusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Sahani ile ndiyo ilimpa jina. Ndani ya sahani ile hakuwa na bendi: gitari moja tu, kidole gumba na kile cha pili, lakini ukisikia unazani wapigaji ni wawili. Na aliimba kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Wimbo ukafika mpaka Kenya, vijana wa huko wakajifunza kupiga kama yeye. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Basi tukarudi kwa mzee, mwalimu akiwa mbele. Mzee akasikiliza, akanyamaza, akaingia nyumbani. Akaleta gitari, waya moja umekatika.

«Pigeni nisikie.»

Tukapiga, vibaya kidogo kwa sababu ya woga. Hakuomba msamaha, na sisi hatukungoja. Lakini alikaa mpaka mwisho.

Ndugu, na sisi tulikosa. Miezi miwili tulipiga wimbo bila kuuliza jina lake ni nini. Mzee hakuuliza, sisi hatukuuliza. Ndiyo maana tuligongana pale njiani.

Mwenye freni ya kinga iliyoharibika atukumbuke: tunatafuta waya moja.