Kimya cha Mke Si Ridhaa

Ndugu msomaji,

Huenda umepata kuona watu wazima, wenye mvi, wakigombana kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuzaliwa duniani. Sisi yalitufika hayo. Hapa Mombasa, katika mtaa wetu wa Mji wa Kale, tupo watu saba tunaokutana barazani kila usiku wa Ijumaa baada ya sala ya Isha. Mmoja wetu husoma kwa sauti, wengine husikiliza na kunywa kahawa, na nyuma ya pazia husikiliza wenye nyumba pamoja na jirani zao wa kike. Kwa kawaida twasoma sira na tarehe. Safari hii mwalimu mmoja mstaafu alituletea riwaya.

Riwaya yenyewe ni ya Bibi Mariama Bâ wa Senegal, mwalimu wa skuli aliyezaliwa Dakar mwaka 1929, akalelewa na babu na bibi yake katika nyumba ya Kiislamu. Aliitoa kwa Kifaransa mwaka 1979. Mwaka 1980 ikawa kitabu cha kwanza kupata Tuzo ya Noma. Na mwaka 1981 mwenyewe akafariki. Imefasiriwa kwa lugha nyingi, na kwa Kiswahili yaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ni kitabu kidogo, na ni kitabu cha kimya. Hamna ndani yake vita wala wizi. Mjane amekaa eda, naye anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni. Basi.

Mjane huyo, Ramatoulaye, alimzalia mumewe Modou watoto 12. Kisha Modou akamwoa msichana Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe, aliyetolewa masomoni kwa tamaa ya mama yake. Mke mkubwa hakuambiwa na mumewe. Siku ya harusi yenyewe walikwenda kumwambia watu watatu: imamu, ndugu wa mume, na rafiki wa mume. Naye alifanya nini? Alitabasamu, akawashukuru, akawapa cha kunywa, akawasindikiza mpaka nje. Na Modou hakurudi tena nyumbani kwake. Hakumpa talaka wala hakumpa zamu.

Basi hapo, ndugu msomaji, baraza ikawaka moto.

Mzee mmoja, mtu wa dini na mwenye heshima yake, alisema kitabu hiki kinaitia ila sheria ya Mwenyezi Mungu iliyohalalisha wake wanne. Mwalimu akamjibu kwa upole: "Mzee wangu, mwanamke huyu anakaa eda yake miezi 4 na siku 10 kama alivyoamrishwa. Anamwombea mumewe, na siku ya arubaini asema amemsamehe. Ni wapi alipoitukana sheria? Aliyeichezea ni yule aliyekopa fedha akawapeleka wakwe zake wapya Makka, na watoto wake 12 amewapa mgongo."

Kijana mmoja akasema kosa ni la mke. Mbona rafiki yake Aissatou, alipoolewa juu, alichukua wanawe wanne akaondoka? Kwa nini huyu alibaki? Mwingine akamlaumu Binetou. Mwingine akasema msichana aliyetolewa skuli akauzwa kwa nyumba na motokaa hana la kulaumiwa. Mwisho yule mzee akatoa hoja aliyoiona ni ya kukata maneno. "Alitabasamu," alisema, "akanyamaza. Na kimya ni ridhaa."

Ndipo ikasikika sauti ya ajuza mmoja kutoka nyuma ya pazia, mama ambaye hupita mwezi mzima hajasema neno. Akauliza: "Na wale watatu waliokwenda kumwambia mke, ni lini walikwenda kumwambia mume?"

Hakuna aliyemjibu. Wenzangu walinyamaza kwa kuwa hawakuwa na jibu. Mimi nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nalo.

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa mmoja wa watatu kama hao. Nakueleza haya kwa ruhusa ya mwenyewe aliyedhulumiwa, naye ameniambia niandike ila nisimtaje jina. Mwaka 1987 kaka yangu mkubwa alioa mke wa pili katika mji mwingine wa pwani. Aliona tabu kumkabili mke wake wa ujanani, akanituma mimi pamoja na ami yetu na jirani mmoja. Tulikwenda baada ya Alasiri. Tulimkuta shemeji yangu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alinawa mikono, akajitanda vizuri, akatukaribisha ukumbini. Ami akatoa maneno marefu juu ya kudura na majaaliwa. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwenyezi Mungu awajaalie kheri." Kisha akaingia ndani akatuletea sharubati ya ndimu.

Tulipotoka, nakumbuka, ami alisema, "Mwanamke mwema, ameridhika." Na mimi nikasema, "Alhamdulillahi." Nilirudi dukani nikiwa na raha kabisa.

Mwaka wa kwanza kaka alikuwa akija zamu yake. Mwaka wa pili akawa anakuja mara moja kwa miezi mitatu. Kisha zikawa zinakuja fedha peke yake, kwa mkono wa dereva. Kisha hazikuja hata fedha. Shemeji akawa anaamka usiku kupika mahamri na mbaazi, na watoto wanauza kabla ya kwenda chuoni. Nami nilikuwa nikiyanunua mahamri hayo, ndugu msomaji. Nilikuwa nikilipa zaidi kidogo, na nikidhani ya kuwa hiyo ndiyo haki.

Kwa nini sikumwendea kaka yangu? Nilijiambia kuwa ni mkubwa wangu. Nilijiambia kuwa mambo ya chumbani hayaingiliwi. Lakini ukweli ni kwamba mtaji wa duka langu ulikuwa wake, na niliogopa. Kwenda kumvunja moyo mwanamke mnyonge nilikuwa hodari. Kwenda kumkanya mwanamume mwenye mali ulimi wangu ulikuwa mzito.

Kaka alifariki mwaka 1999. Shemeji alikaa eda miezi 4 na siku 10 kwa ajili ya mume ambaye kwa miaka 10 hakulala nyumbani kwake. Kwa kuwa marehemu aliacha watoto, wake zake wawili waligawana thumuni ya mirathi nusu kwa nusu, kama ilivyopangwa katika Suratun-Nisaa. Hapana aliyempunja hata shilingi moja. Itazame hali hiyo vizuri. Sheria ilimpa haki yake siku mumewe alipokufa. Sisi jamaa ndio tulionyamaza akinyimwa haki yake siku zote mumewe alipokuwa hai.

Na sheria hiyo haikunyamaza. Aya ya 3 ya Suratun-Nisaa iliyoruhusu wake wanne ndiyo hiyo hiyo inayomwamrisha mwenye kuchelea kuwa hatafanya uadilifu atosheke na mmoja. Aya ya 129 yatwambia kuwa hatutaweza kuwa sawa kabisa baina ya wake hata tukijitahidi, kisha yakataza mtu kuelemea upande mmoja kwa jumla akamwacha mwingine kama kitu kilichotundikwa, hana mume wala hakuachwa. Suratul-Baqara, aya ya 229, yaweka njia mbili tu: kukaa kwa wema au kuachana kwa hisani. Njia ya tatu, ya kumwacha mtu ananing'inia, haimo. Na Mtume wetu (S.A.W.) amehadharisha kuwa mwenye wake wawili akamwelemea mmoja, atakuja Siku ya Kiama na ubavu wake mmoja umepinda.

Ama ile hoja ya kimya, na tuiweke mahali pake. Hadithi ya kwamba kimya cha mwanamwali ni idhini yake ni sahihi, na wanavyuoni wote waijua. Lakini ni mwanamwali gani? Ni yule aliyeulizwa. Kapelekewa posa, kaulizwa kama ataka, haya zikamshika, akanyamaza. Hicho ndicho kimya cha ridhaa. Ama mke anayepelekewa habari ya jambo lililokwisha, hajaulizwa kitu hata kimya chake kiwe jibu.

Haya sikuyatoa katika vitabu. Niliyapata kwa shemeji yangu. Baada ya usiku ule wa baraza nilikikopa kile kitabu nikampelekea, mjukuu wake akamsomea kwa siku tatu. Siku ya nne nilikwenda. Nikamuuliza kimeonekanaje. Akasema, "Huyu mwenzangu alikuwa na rafiki wa kumwandikia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, siku ile niliwapa sharubati kwa kuwa mlikuwa wageni nyumbani kwangu. Hamkuniuliza neno hata nikujibuni."

Nikamuuliza kama amemsamehe kaka yangu. Akasema, "Yeye nilimsamehe siku alipotiwa kaburini. Lakini wewe hujaniomba."

Wallahi, ndugu msomaji, nimehudhuria darasa nyingi na nimesikia hotuba nyingi, lakini sikupata kusikia maneno yaliyonitwanga kama hayo. Miaka yote ile nilijihesabu shahidi tu. Nikamwomba msamaha, mzee mimi mwenye wajukuu, na machozi yananitoka. Hakunijibu kwa haraka. Alinimiminia chai, akasema, "Kunywa kwanza, isipoe." Nilipokuwa naondoka ndipo aliposema, "Mwenyezi Mungu atusamehe sote."

Basi leo wakiniuliza barazani nani mwenye kosa katika kitabu cha Bibi Mariama, sisemi habari ya Modou wala ya Binetou. Modou ana hesabu yake kwa Mola wake. Mimi nawatazama wale watatu, kwa kuwa watu kama Modou hawawi wengi, lakini watu kama wale watatu ndio sisi. Kila mume aliyemtundika mkewe ana ndugu anayejua, ana rafiki anayejua, na pengine ana imamu anayemsalisha kila siku naye anajua. Dhulma ya mtu mmoja husimama kwa kuegemea kimya cha watu kumi.

Kwa hivyo nakuusia, ndugu msomaji, nami najiusia mwanzo. Ukitumwa kumpelekea mke habari kama hiyo, usikubali kuwa tarishi. Mwambie aliyekutuma: nenda mwenyewe ukamwambie kwa ulimi wako. Ikiwa huna budi kwenda, basi muulize kwanza: zamu yake itakuwaje, masurufu yake yatatoka wapi, watoto watalindwa na nani? Na ukishakwenda, usihesabu kazi imekwisha. Rudi baada ya mwezi umuulize yule mama hali, kisha umwendee mume umweleze uliyoyaona, hata akiwa ni mkubwa wako, hata akiwa riziki yako iko mkononi mwake, kwani Mwenye kuruzuku si yeye. Akikataa, basi mshike mkono yule mama umfikishe kwa Kadhi, adai haki yake au adai kufunguliwa. Usimwambie "subiri" ikiwa wewe mwenyewe hujasubiri naye hata usiku mmoja.

Na wewe dada unayesoma haya nawe umetundikwa, jua ya kuwa kusema si kukosa adabu, na kudai haki si kukosa subira. Yule mjane wa Dakar alinyamaza miaka mingi. Lakini ndugu yule yule wa mume alipokuja baada ya siku ya arubaini kutaka kumrithi kama kiti, alimjibu mbele ya imamu yule yule, wala mbingu hazikuanguka.

Shemeji yangu yu hai, alhamdulillahi. Kila usiku wa Ijumaa, kabla ya kwenda barazani, hupita kwake kwanza. Hubisha hodi, nikamuuliza hali, kisha nikanyamaza ili nimsikie.

Wabillahi taufiq.